Kumtambua inzi jambazi mwembamba wa kwenye nyasi, hatua kwa hatua

Kuna mdudu nina uhakika umeshampita mara nyingi sana bila kumuona, na hata siku uliyomuona ulijua ni mbu mkubwa au kereng'ende mtoto, ukaendelea na safari yako. Ana mwili mwembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, miguu ya nyuma mirefu inaning'inia, anaelea polepole katikati ya majani bila kutoa mlio wa maana. Huyo ni inzi kabisa, tena inzi anaewinda. Yuko kwenye familia ya Asilidae, mimi nawaita inzi majambazi kwa sababu kazi yao ni kuwakamata wadudu wenzao na kuwanyonya, na ndani ya familia hiyo kundi lake, yaani nusufamilia, linaitwa Leptogastrinae. Jina limetoka kwenye Kigiriki, leptos ni mwembamba na gaster ni tumbo, na ukishamuona mmoja kwa karibu hilo jina hulisahau tena.

Familia nzima ya Asilidae ina spishi zaidi ya 7,000 duniani, na wale wanene wenye manyoya wanaotua juu ya jiwe au kisiki jua likiwa kali watu wanawapiga picha sana. Hawa wembamba wameachwa. Picha ninazoletewa nizitazame nyingi zinaishia kwenye "ni inzi fulani hivi", na shida sio kwamba mpigaji hajui kupiga picha, shida ni kwamba alipiga mgongo wakati alama zinazomtambulisha ziko miguuni, usoni na kwenye mabawa. Kwahiyo naandika hapa hatua ninazofuata mimi, niko Morogoro chini ya milima ya Uluguru, ila ukiwa Kakamega au Kigoma au Kampala utaratibu ni huu huu.

Vitu vya kuwa navyo

Sio vingi. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10, hii usiikwepe kabisa, bila hii utamuona mdudu lakini hutaona nyayo zake na nyayo ndio kesi yenyewe. Simu yenye kamera inayolenga vizuri, na kama unaweza pata ile lenzi ndogo ya makro ya kubana juu ya kamera ya simu. Wavu wa kukamatia wadudu wenye kitambaa laini, sio wavu wa samaki kwa sababu matundu yanakatakata miguu yao. Vichupa vya plastiki vyenye kifuniko, kalamu ya risasi, na daftari. Kama una hela ya ziada, nunua lenzi nzuri kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Mtafute anapokaa, na upunguze mwendo

Hapa ndio watu wengi wanakosea kabisa. Inzi jambazi wa kawaida unamkuta uwanjani, kwenye mchanga, kwenye njia, juu ya gogo, anakaa sehemu ya wazi anatazama juu, kikipita kitu anaruka kama risasi anakidaka hewani anarudi. Huyu wetu hafanyi hivyo. Anakaa ndani ya majani, pembeni ya njia ya shamba, kwenye kivuli kivuli cha ukingo wa msitu, kandokando ya mfereji ambako ukoka na mabingobingo vimechanganyika na vichaka vidogo. Mimi nawapata zaidi mvua za masika zikiwa zinaelekea kuisha, majani bado mabichi na vidukari wamejaa, kuanzia kama saa tatu asubuhi umande ukishapungua.

Ukifika usitembee. Chuchumaa, macho yawe usawa wa katikati ya majani, halafu subiri dakika kama tano hivi. Usitafute umbo la mdudu, tafuta kitu kinachosogea polepole kisichoyumba na upepo, maana majani yote yakiyumba kulia yeye anabaki palepale hewani, hapo hapo ndio unamjua. Anasogea kidogo, anasimama hewani mbele ya jani, analikagua, anahamia jani lingine. Na mawindo yake mengi anayaokota yakiwa yametulia juu ya jani au shina, vidukari, vijiinzi vidogo, hata buibui wadogo, tofauti kabisa na ndugu zake wanaodaka hewani.

Wa kwanza niliyemtazama kwa muda mrefu alikuwa ananing'inia kwenye shina kavu la nyasi, ameshika kwa miguu ya mbele tu, mwili umelala hewani kama nguo iliyoanikwa kwa pini moja. Mabawa ameyafunga mgongoni. Miguu ya nyuma ilikuwa imemshika kidukari wa kijani, anamzungusha taratibu kama mtu anaezungusha hindi la kuchoma atafute pa kuanzia, halafu akamchoma mdomo. Nilikaa pale nikimtazama mpaka yule kidukari akabaki ngozi tupu akamwachia. Kama ungeniambia kabla kwamba inzi anakula namna ile nisingekubali.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni inzi

Usicheke, hii hatua inaokoa mda mwingi, kwa sababu kwenye nyasi kuna wadudu wembamba wa kila namna na umbo peke yake linadanganya.

Hesabu mabawa. Inzi ana mabawa mawili tu, na nyuma ya kila bawa kuna kijiti kidogo chenye kichwa cha mviringo kama kipini, hivyo vinamsaidia kujisawazisha akiwa anaruka. Ukiona mabawa manne umeshatoka kwenye inzi. Kereng'ende wembamba wana mabawa manne na vipapasio vifupi sana kama vinywele viwili, wanakaa karibu na maji mara nyingi. Nyigu wembamba wanaotaga ndani ya viwavi wana mabawa manne pia, na vipapasio virefu vyenye pingili nyingi vinavyotetemeka kila saa.

Sasa kuna mmoja wa kumuogopa hapa, wa familia ya Bittacidae. Huyu nae ananing'inia kwenye majani kwa miguu ya mbele, nae ni mwembamba, nae anawinda, na kwa mbali utaapa kwamba ndio yule yule. Lakini ana mabawa manne, uso wake umevutika kwenda chini kama mdomo wa ndege, na anakamata mawindo kwa kuyakunjia ncha za miguu ya nyuma. Ukiwa na picha ambayo mabawa yamelaliana huwezi kuhesabu, ndio maana nasema piga na ubavuni.

Hatua ya 3: Hakikisha ni inzi jambazi

Ndani ya inzi wenyewe wapo wembamba wengine. Kuna wale wenye miguu mirefu wanaofanana na mbu wakubwa, wanaoingia ndani usiku wakifuata taa, Tipulidae. Ukiwatazama mgongoni kifuani wana mfereji wenye umbo la V, miguu yao inakatika hata ukiigusa, na hawana mdomo wa kuchoma. Kuna Systropus pia, huyu ni wa familia ya inzi-nyuki lakini ameiga nyigu mwenye kiuno chembamba mpaka unashangaa, ana vipapasio virefu na mrija mrefu wa kunyonyea maua.

Inzi jambazi utamjua kwa kichwa. Mtazame kutokea mbele, uso kwa uso. Macho mawili makubwa yamevimba kwenda juu, na katikati yao utosini kuna bonde, kama tandiko la farasi, na ndani ya bonde hilo kuna kinundu chenye vijicho vitatu vidogo. Kwa majambazi wanene bonde hili ni refu unaliona hata bila lenzi. Kwa hawa wembamba linaweza kuwa la kina kifupi tu, kwahiyo usimkatae mtu wako kwa sababu bonde halikukushtua. Shuka chini usoni, juu ya mdomo utakuta vinywele vigumu, ni masharubu kabisa, kazi yake inaaminika ni kukinga uso wakati windo linapigana. Majambazi wakubwa wana masharubu mengi kama ya mzee, hawa wa kwetu wana vinywele vichache tu vimepangwa ukingoni juu ya mdomo. Mdomo wenyewe ni mgumu, umenyooka kuelekea mbele, ndani yake kuna sindano inayoingiza mate yenye sumu ya kupooza windo na kuyeyusha vilivyo ndani, kisha ananyonya uji. Mtu hawamfuati kumnyonya damu, ondoa hofu, ila jambazi mkubwa ukimminya mkononi anaweza kukuchoma na inauma.

Hatua ya 4: Hapa ndio tunamtenga na ndugu zake

Hii ndio hatua ninayoipenda na ndio inayohitaji utulivu. Mweke kwenye kichupa cha plastiki angavu, akipanda ukutani mwa kichupa nyayo zake zinakutazama wewe. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, halafu sogeza kichupa kije kwenye lenzi, usisogeze lenzi kwenda kwenye kichupa. Mwanga utoke pembeni.

Tazama mwisho wa unyayo. Kuna kucha mbili. Inzi jambazi wengi chini ya kila kucha wana kipedi laini, vipedi viwili kwa mguu, na katikati yake kuna unywele mmoja mgumu. Inzi wa nyumbani nae ana vipedi kama hivyo ndio vinamsaidia kutembea darini. Kwa Leptogastrinae karibu wote vile vipedi havipo, au vimebaki vidogo sana, unaona kucha mbili tupu zimekunjwa kama ndoano. Na ukifikiria maisha yake inaleta maana, yeye hakai juu ya jiwe wala ukutani, yeye anajitundika kwenye mashina membamba, ndoano inamtosha. Hayo ya mwisho ni mawazo yangu mimi, ila kutokuwepo kwa vipedi ni alama inayotumika kweli.

Sasa tahadhari, wapo majambazi wachache wa makundi mengine ambao nao hawana vipedi, kwahiyo alama moja haitoshi kumhukumu mtu. Endelea na mabawa.

Bawa la Leptogastrinae ni jembamba na mzizi wake umebanwa kama kishikio cha kijiko. Inzi wengi wana kipande cha ziada kama kijipindo pale nyuma ya mzizi wa bawa, huyu hana, au kimebaki kidogo mno. Ukilinganisha na bawa la jambazi mnene uliyemkamata siku hiyo hiyo utaiona tofauti bila kuelezwa, na kwa kweli nakushauri ufanye hivyo, kamata wote wawili uwaweke pamoja, jicho linajifunza haraka sana kwa kulinganisha kuliko kwa kusoma maelezo yangu.

Halafu vena za bawa. Usiogope, nakupa moja tu. Anzia ukingo wa mbele wa bawa, fuata vena ndefu zinazokwenda kwenye ncha. Ile ya kwanza nene inafika ukingoni. Inayofuata chini yake ndio ya kuiangalia, je inafika ukingoni yenyewe, au kabla haijafika inapanda juu na kujiunga na ile ya kwanza ikafunga chumba? Kwa majambazi wa nusufamilia za Asilinae na Laphriinae, ambao ndio wengi utakaowaona, inajiunga, chumba kinafungwa. Kwa Leptogastrinae inafika ukingoni yenyewe, chumba kiko wazi. Hii inaonekana kwenye picha ya simu kama bawa limepigwa vizuri na nyuma yake kuna karatasi nyeupe.

Malizia na miguu ya nyuma na tumbo. Mguu wa nyuma ni mrefu kupita ya mbele, na paja lake linaanza jembamba halafu linavimba kuelekea gotini kama rungu. Tumbo ni refu mara kadhaa kuliko kifua, jembamba, mara nyingi lina pete za rangi mbili. Mwisho wa tumbo ukikuta kitu kimevimba chenye kama koleo, huyo ni dume. Ukikuta limemalizikia kwa kawaida tu, ni jike. Andika hilo kwenye daftari hapo hapo, kwa sababu litakuja kuwa muhimu kuliko unavyodhani.

Kucha tupu, bawa lenye kishikio, chumba kilicho wazi, paja la rungu na tumbo la njiti. Ukizipata zote kwa pamoja andika Leptogastrinae bila wasiwasi.

Kidogo kuhusu huo ukoo wenyewe

Jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Leptogaster ilipewa jina na Meigen mwaka 1803, na spishi moja ya Ulaya inayoitwa sasa Leptogaster cylindrica ilikuwa imeshaelezwa na De Geer tangu 1776, kwahiyo sio wadudu wapya kwa sayansi. Ila mahali pa kuwaweka pameleta ubishi. Mwaka 1968 Charles Martin wa Marekani aliona wametofautiana mno na majambazi wengine akawatoa, akawapa familia yao wenyewe, Leptogastridae. Na ukiwatazama unamuelewa, tabia tofauti, miguu tofauti, mabawa tofauti. Lakini kuwa tofauti sana hakumaanishi sio mtoto wa nyumba hiyo. Uchambuzi uliofuata ukawarudisha ndani, na kwenye kazi ya Torsten Dikow, mtaalamu wa inzi hawa, ya mwaka 2009 iliyogawa Asilidae kwenye nusufamilia 14, Leptogastrinae ni mojawapo ya hizo. Nakueleza hili kwa sababu ukiingia kwenye vitabu vya zamani au lebo za makumbusho utakutana na Leptogastridae, usichanganyikiwe, ni watu wale wale.

Hatua ya 5: Jenasi, na mahali pa kusimama

Hapa naomba tuwe wakweli. Afrika Mashariki jenasi utakazokutana nazo kwenye maandishi mara kwa mara ni Leptogaster, Euscelidia na Lasiocnemus. Leptogaster iko karibu dunia nzima. Euscelidia ni ya Afrika na Asia, na Dikow huyo huyo alichapisha mapitio ya jenasi nzima mwaka 2003, kwahiyo ndio kundi lenye msingi mzuri zaidi kwa mtu anaetaka kuingia ndani. Lasiocnemus ni ya Afrika, jina lake kwa Kigiriki ni kama kusema mwenye miundi ya manyoya, na kweli ukikuta mtu wako ana miguu ya nyuma iliyojaa nywele nyingi zilizosimama, huyo ni wa kumfikiria kwanza.

Kati ya Leptogaster na Euscelidia kwa picha ya simu mimi sithubutu kuamua, nasimama kwenye Leptogastrinae. Na spishi ndio kabisa, hapo mara nyingi inatakiwa dume, afunguliwe sehemu za mwisho wa tumbo, zilainishwe, zitazamwe kwa hadubini na kulinganishwa na michoro. Ndio maana nilisema andika kama ni dume au jike. Rangi ya pete za tumbo haitoshi, inabadilika ndani ya spishi moja na inafifia akikauka. Nimeona watu wanachukua picha moja kutoka Ulaya, wanaona imefanana, wanaandika Leptogaster cylindrica kwenye mdudu wa Iringa, na jina hilo likishaandikwa mwingine anakuja analinakili, na wa tatu analinakili kwa wa pili. Jina la juu lililo sahihi lina faida kuliko jina la spishi lililobahatishwa. Kuandika "Leptogastrinae, dume, hajatambuliwa zaidi" ni kazi iliyokamilika, mtaalamu akiikuta anashukuru.

Hatua ya 6: Picha zinazofaa

Piga tano. Ubavuni mwili mzima, mgongoni mabawa yakiwa wazi kama inawezekana, uso kwa mbele, mguu wa nyuma wote kuanzia paja mpaka kucha, na ya tano nyayo kupitia ukuta wa kichupa. Weka kipande cha rula au karatasi ya mraba wa milimita kwenye picha mojawapo, maana wengi utakaokutana nao ni milimita 8 mpaka 15 hivi na bila kipimo hakuna anaejua. Kama anaruka ruka sana, muweke na kichupa chake kwenye friji, nimesema friji sio friza, dakika chache atatulia utampiga vizuri kisha unamrudisha majanini akiwa mzima. Kwa kazi nyingi hii inatosha na hakuna haja ya kuua.

Na piga picha ya mahali pia. Majani gani, kivuli kiasi gani, alikuwa amening'inia kwenye nini. Kama alikuwa anakula usimfukuze kabla hujajua anakula nini, hiyo taarifa ni adimu kuliko picha yake mwenyewe. Vivyo hivyo ukimuona jike ametulia anaachia kitu chini, tazama vizuri, Leptogaster wameonekana wakidondosha mayai yao hovyo chini majanini bila kuyabandika popote, mabuu yanaishi ardhini. Wa huku kwetu maisha yao hayajaandikwa kiasi cha kutosha, wewe uliyechuchumaa pale unaweza kuwa na kitu cha maana kwenye daftari.

Hatua ya 7: Kama lazima umhifadhi

Kwanza kibali. Usikusanye ndani ya hifadhi yoyote kwa kujiamini kwamba ni inzi tu. Tanzania vibali vya utafiti vinapitia COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kenya ni NACOSTI, tume yao ya namna hiyo hiyo, na kusafirisha sampuli kwenda nje kuna vibali vyake tena. Ukianza safi, sampuli yako itapokelewa kokote. Ukianza kwa kuficha hakuna makumbusho yenye heshima yatakayoipokea.

Kuua, friza usiku mmoja inatosha na haimharibu. Kuhifadhi una njia mbili. Ya kwanza ni ethanoli, asilimia 70 mpaka 80 kwa kutazama maumbile, zaidi ya 95 kama kuna mtu atataka DNA, na hiyo ya pili ikae kwenye baridi. Ya pili ni kumkausha juu ya pini, ila huyu mwili wake mwembamba hauwezi pini nene, mimi nakata karatasi ngumu kipembetatu, naweka gundi kidogo sana kwenye ncha, namgusisha ubavu wa kulia wa kifua, halafu pini inapita kwenye ile karatasi. Tumbo lizuie kwa pini mbili zilizopishana chini yake mpaka likauke, la sivyo linainama. Miguu inakatika kirahisi mno, ikikatika usiitupe, ibandike kwenye karatasi ile ile ya huyo huyo mdudu.

Kisanduku kifunge vizuri na uweke naftalini zile nyeupe za kuwekea nguo kabatini. Mimi niliwahi kuacha kisanduku juu ya meza usiku mmoja tu, kifuniko hakikukaa sawa, asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga mstari na kwenye pini kumi na moja yamebaki mabawa na lebo. Ilikuwa kazi ya masika mazima. Siku hizi miguu ya meza nimeisimamisha kwenye makopo ya maji yenye mafuta ya taa kidogo juu na hawajarudi.

Hatua ya 8: Lebo, na pa kupeleka

Mdudu asiye na lebo ni takataka nzuri tu. Andika nchi, mkoa, mahali penyewe, namba za GPS kutoka kwenye simu, mwinuko, tarehe ukiandika mwezi kwa namba za Kirumi ili asije mtu akachanganya siku na mwezi, na jina la aliyekamata. Mstari wa pili andika alikutwa wapi, mfano "ananing'inia kwenye ukoka, ukingo wa mfereji, anakula kidukari". Kama yuko kwenye ethanoli tumia kalamu ya risasi na lebo iingie ndani ya kichupa pamoja nae, kalamu ya kawaida wino unayeyuka wote na lebo ya nje inabanduka.

Kwa picha, iNaturalist, tovuti ya kuweka picha za viumbe, ni mahali pazuri, majina yanajadiliwa na watu wenye uzoefu na kumbukumbu zilizothibitishwa zinaweza kufika GBIF, hazina ya dunia ya taarifa za viumbe, ambako watafiti wanazichota. Kwa sampuli, Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu, na kwa majambazi wa Afrika makumbusho ya KwaZulu-Natal kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ndiko Jason Londt alikofanya kazi miaka mingi na kueleza spishi nyingi sana. Uliza kwanza kwa barua pepe ukiwa umeambatisha zile picha tano, usitume kifurushi kwa kushtukiza.

Jibu linaweza kuchukua miezi. Likija na jina, usiing'oe lebo yako ya zamani hata kama uliandika vibaya. Andika nyingine ndogo yenye jina jipya, jina la aliyemtambua na mwaka, uichome kwenye pini ile ile chini ya ile ya kwanza. Na akija mwingine baadae akabadilisha tena, yake nayo inaingia chini ya hiyo.